Tangulieni, Tunakuja

Katika Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi uliokamilishwa yapata mwaka 200 baada ya Kristo, kuna kitabu kizima kinachohusu mikataba ya ndoa, na ndani yake imo orodha ambayo mtu wa pwani akiisoma lazima atue. Orodha hiyo inapanga haki ya unyumba ya mke kwa kutazama kazi ya mume. Mwanamume asiyebanwa na kazi: kila siku. Kibarua: mara mbili kwa wiki. Mwendesha punda: mara moja kwa wiki. Mwendesha ngamia: mara moja katika siku 30. Baharia: mara moja katika miezi 6.

Miezi sita ya baharia sisi tunaijua bila kusoma Mishna. Majahazi yalikuja na kaskazi, yakasubiri, yakarudi na kusi, na nyuma yao wakabaki wake wa Lamu, Unguja, Sur na Muscat waliohesabu miezi kwa upepo. Huku kwetu mke aliambiwa asubiri, na subira yake ikasifiwa. Kule waliandika namba, na namba hudaiwa. Haki ilikuwa ya mke, deni lilikuwa la mume. Wanazuoni wa Talmud ya Babeli, waliokuja baadaye kuifafanua Mishna, wakaendelea hadi kwenye swali ambalo lingefaa kuulizwa leo kila mtu anapopandishwa cheo: vipi mwendesha punda anayetaka kuwa mwendesha ngamia, kazi ya kipato kinono lakini ya safari ndefu? Abaye, mmoja wa wakubwa wao, alijibu kwa maana hii, kwamba mwanamke huona heri kibaba kimoja pamoja na mzaha wa mumewe kuliko vibaba kumi na mume asiyeonekana. Mahali pa punda weka daladala ya Mbagala, mahali pa ngamia weka lori linalokesha kwenye foleni ya Tunduma likielekea Lubumbashi, na suala lenyewe halijazeeka hata siku moja.

Kurasa hizohizo za Talmud zinasimulia habari za Rav Rehumi, aliyekuwa akisoma mbali na kwao na kurudi nyumbani mara moja kwa mwaka, mkesha wa Siku ya Upatanisho. Mwaka mmoja elimu ilimteka akapitiwa. Mkewe alikuwa akimtazamia, sasa atafika, sasa hivi atafika. Hakufika. Chozi likamdondoka mwanamke, na papo hapo paa alilokuwa amekaa Rehumi likabomoka, akafa. Ninachokipenda katika kisa hiki ni kwamba hakikumtafutia mume ubaya. Hakuwa kilabuni wala kwa hawara. Alikuwa darasani, anasoma neno la Mungu, na bado deni lilihesabiwa.

Ninaanza na Wayahudi kwa sababu wao walithubutu kukiandika kitu ambacho wengi wetu tunakiacha kijitokeze chenyewe. Wazazi wenye watoto wadogo na ajira mbili wanajua kinachotokea kisipoandikwa. Wiki nzima maneno yao ni ada, homa, mtungi wa gesi, nani atamfuata mtoto shuleni, fundi kaja au hajaja. Mambo yote hayo ni ya lazima, na hakuna hata moja linalochekesha. Mume na mke wanageuka mameneja wawili wa kampuni ndogo yenye wafanyakazi watukutu. Raha inabaki ile ya salio, na kwa mwenye watoto salio la siku ni usingizi.

Hata hivyo sheria hizo za Kiyahudi zina mpaka. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, iliyotangulia Mishna kwa karne nyingi, inamwondolea mwanamume aliyeoa karibuni wajibu wa vita na kazi za umma kwa mwaka mmoja, akae nyumbani amfurahishe mkewe. Mwaka mmoja! Ukiisha, mtoto wa kwanza ana wiki chache na kilio cha usiku, na hapo ndipo jeshi linapomwita baba. Mtunga sheria alifikiri kwamba wanaohitaji muda ni maharusi. Maharusi hawahitaji kuhimizwa.

Tuje pwani. Ukitafuta mawaidha ya ndoa yaliyoandikwa kwa Kiswahili, utaanzia kwa Mwana Kupona, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, aliyemtungia binti yake utendi wake mashuhuri mwishoni mwa miaka ya 1850 akiwa mgonjwa. Utendi huo una mambo mengi, na wasomi wamegombana sana juu ya kama ni wasia wa utiifu au ni ujanja wa mwanamke mwenye akili anayemfundisha binti yake kutawala kwa upole. Mimi nitachukua moja tu. Kazi ya kumliwaza mume, kumfanya acheke, kumpokea vizuri na kumtuliza, yote imewekwa mabegani mwa mke. Mume ni mgeni wa heshima katika furaha ya nyumba yake. Makungwi na masomo wa unyago wamefundisha hivyohivyo, na kitchen pati za Dar es Salaam, pamoja na keki zake na vipaza sauti vyake, zinaendelea na somo lilelile: bibi harusi anaketishwa katikati, anaelezwa namna ya kumpendeza mumewe. Bwana harusi jioni hiyo yuko wapi? Anatazama mpira.

Wala si kwamba watu wa pwani walikosa raha. Walikuwa nayo tele, ila iligawanywa. Wanaume walikuwa na baraza, bao, kahawa na maskani. Wanawake walikuwa na shughuli, vikoa, lelemama, na taarabu ambako shoga angeweza kumtuza mwimbaji kwa fumbo lililomlenga mke mwenza aliyekaa safu ya pili. Mtu alicheka na wenzake wa jinsia yake, kisha akarudi nyumbani akiwa ameshiba kicheko. Hata Mwaka Kogwa wa Makunduchi, ambao kila Julai hutoa kijiji kizima uwanjani, unaigawa furaha namna hiyohiyo: wanaume wanachapana kwa migomba, wanawake wanapita wakiimba na kuwapiga vijembe. Wote wapo na wote wanafurahi, lakini hakuna anayetafuta kumwona mume na mke wakifurahi wawili peke yao. Mpango huo ulifanya kazi kwa sababu nyumba ilijaa watu. Bibi alikuwepo, shangazi alikuwepo, na mtoto aliyeachishwa ziwa aliweza kupelekwa kwa bibi yake akakaa mwaka mzima bila mtu kuuliza kulikoni.

Kuna jambo jingine la huku kwetu ambalo huwa nalifikiria, nalo ni utani. Tuna taasisi nzima ya kuchekana. Mnyamwezi na Mzaramo wanataniana hadi msibani. Babu anamwita mjukuu wake mke wangu, na bibi anamnunia mjukuu wa kiume kwa kuwa kaoa mwanamke mwingine. Shemeji anaruhusiwa kusema ambayo kaka mtu hawezi. Mabinamu, watoto wa shangazi na mjomba, ni watani katika makabila mengi, na wapo wanaooana, ndiyo maana pwani husemwa kwa mzaha kwamba binamu ni nyama ya hamu. Basi utaona kwamba desturi ilimgawia kila mtu mtu wa kucheka naye, na ikamwacha nje yule mmoja unayelala naye. Wanandoa waliotoka kwenye ubinamu walikuwa na bahati ya kuja na utani wao tayari. Wengine walitakiwa kuheshimiana, na heshima, ikikaa peke yake ndani ya chumba kwa miaka kumi, huwa nzito.

Lakini pwani ni ya Waislamu kwa wingi, na Uislamu una hadithi isiyokubaliana na mgawanyo huo. Wengi wameisikia kwenye mawaidha. Imepokewa na Abu Dawud na Ahmad, kwamba Bibi Aisha alikuwa safarini na Mtume, naye akiwa bado mwembamba. Mtume akawaambia watu waliokuwa nao watangulie. Walipokwisha tangulia, akamwita mkewe washindane mbio, na Aisha akashinda. Mtume akanyamaza. Muda ukapita, Aisha akanenepa na kulisahau jambo lile, mpaka safari nyingine watu wakaambiwa tena watangulie, wakashindana tena, na safari hiyo Mtume akashinda, akacheka na kumwambia kwamba sasa wametoshana.

Masheikh wanaisimulia hadithi hii kuonyesha upole wa Mtume nyumbani, na ni kweli inaonyesha. Nafikiri, hata hivyo, kwamba sehemu yenye faida kubwa zaidi kwa wazazi wa leo ni ile inayopitwa haraka, ya kuwaambia watu watangulie. Huyu alikuwa kiongozi wa dola, hakimu, imamu na amiri jeshi, akiwa katikati ya msafara. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kusema hana nafasi, ni yeye. Nafasi haikumjia, aliitengeneza kwa amri moja fupi, na watu wakaondoka bila kuelezwa sababu. Tena alifanya hivyo mara mbili, na katikati yake alikumbuka kwamba ana mechi ya marudiano. Hilo la kukumbuka ni nusu ya mapenzi. Hadithi nyingine, ya Bukhari na Muslim, inamwonyesha akiwa amemkinga Aisha, naye Aisha akitazama Wahabeshi wakicheza na mikuki msikitini, asiondoke mpaka mkewe alipotosheka mwenyewe. Na ipo ya tatu, inayomhesabia mtu mchezo na mkewe pamoja na kumfundisha farasi na kulenga shabaha, ikiutoa katika mambo ya upuuzi.

Msomaji mkali atasema Aisha hakuzaa, basi mfano hauwahusu wenye watoto. Ana haki. Mfano hauonyeshi nani alibaki na mtoto. Unaonyesha tu kwamba msafara unaweza kutangulizwa, na kwamba lazima awepo mtu wa kuupokea huko mbele. Swali la nani alibaki na mtoto itabidi tulipeleke Washington.

Huko Capitol Hill, katika miaka ya 1970, familia zipatazo 150, wengi wao wakifanya kazi zinazohusiana na Bunge la Marekani, ziliunda chama cha kulindiana watoto. Hawakuwa na bibi karibu, maana Mmarekani wa tabaka lile huzaliwa Ohio, husoma Boston na hufanya kazi Washington. Wakachapisha kuponi, kila moja ikiwa sawa na nusu saa ya kulinda watoto. Ukitaka kwenda sinema na mkeo, jirani anakuja kukaa na wanao, na unamlipa kuponi. Kuzipata tena, unakwenda kukaa na watoto wa mwingine. Mwenye kuujua upatu ataelewa mara moja, isipokuwa kwamba hapa kinachozunguka ni jioni.

Mambo yakaharibika kwa namna ambayo hakuna aliyeitegemea. Kuponi zilizokuwa mikononi mwa watu zikawa chache, na kila mmoja akataka kuwa na akiba ya kutosha kwa ajili ya siku maalumu inayokuja. Kwa hiyo watu wakaacha kutoka ili wakusanye. Lakini kuponi unaipata pale tu mwenzako anapotoka, na mwenzako naye amekaa nyumbani anakusanya. Ikafika mahali jozi zote zimekaa sebuleni, zina hamu ya kutoka, zina marafiki walio tayari kulinda watoto, na hakuna anayetoka. Viongozi, wengi wao wanasheria, waliona tatizo ni nidhamu, wakapitisha kanuni kwamba kila jozi itoke angalau mara mbili kwa mwezi. Mwishowe wachumi wakasikilizwa, kuponi zikaongezwa, na watu wakaanza kutoka. Joan na Richard Sweeney, waliokuwa wanachama, waliandika makala juu ya kisa hicho mwaka 1977, na baadaye Paul Krugman akakifanya maarufu kama mfano wa jinsi uchumi unavyodorora.

Wachumi wameona fedha katika kisa hicho. Mimi nawaona wazazi. Kusubiri siku inayostahili ndiko kunakoua. Tutatoka mtoto akianza shule, bonasi ikitoka, nyumba ya Kigamboni ikiisha kupauliwa. Kila mmoja anaihifadhi jioni yake kwa siku bora kuliko hii, na kwa kuwa wote wanahifadhi, hakuna siku bora inayotokea. Na ile kanuni ya wanasheria, ya mara mbili kwa mwezi, inachekesha wachumi, lakini ukiiweka kando ya orodha ya Mishna utaona ni ndugu yake. Kosa lake halikuwa kuweka idadi. Kosa lake lilikuwa kuweka idadi bila kutoa kuponi. Ukimwambia mama anayefanya kazi na kulea kwamba kila Ijumaa ni siku ya mtoko, halafu usimtafutie wa kubaki na watoto, umempa kazi ya kumi na moja.

Wamarekani ndio hasa waliofanya mtoko wa wanandoa kuwa somo la sayansi. Mwaka 2000 Arthur Aron na wenzake walichapisha majaribio ambayo moja lao linafaa kuigizwa kwenye jukwaa la vichekesho. Mume na mke walifungwa pamoja, mkono kwa mkono na mguu kwa mguu, wakatambaa juu ya magodoro ya mazoezi na kuvuka kizuizi huku wamebana kitu mfano wa mto bila kukishika kwa mikono. Jozi nyingine zilipewa kazi baridi ya kusukuma mpira taratibu. Waliotambaa walitoka wakiuona uhusiano wao kuwa bora kuliko waliosukuma mpira. Hoja ya Aron ni kwamba kukaa pamoja hakutoshi. Kinachofufua ni jambo jipya lenye msisimko kidogo. Ukifikiria, mbio za jangwani zilikuwa na sifa zote mbili, tena bila kamba.

Ila Marekani hiyohiyo ina tatizo lake. Tafiti za matumizi ya muda zinaonyesha kwamba mwanzoni mwa karne hii akina mama wa huko walikuwa wakitumia saa nyingi zaidi na watoto wao kuliko mwaka 1965, ingawa wengi zaidi walikuwa wameajiriwa, na akina baba pia waliongeza zao. Saa hizo hazikushuka kutoka mbinguni. Zimekatwa kwenye usingizi, kwenye kazi za nyumbani na kwenye muda wa wawili. Mzazi mwema siku hizi ni yule asiyeachana na mtoto hata kidogo, na wazo hilo limekwisha vuka bahari. Dar es Salaam na Nairobi zina wazazi wanaoona haya kusema wamewaacha watoto ili wakacheze muziki.

Wasweden nitawapitia upesi. Serikali yao iliwapa baba na mama likizo ya uzazi ya kugawana tangu 1974, na siku hizi ni siku 480 kwa mtoto mmoja. Ijumaa jioni familia hukaa kwenye kochi na chipsi za paketi na televisheni, na wana jina maalumu la jioni hiyo. Ni raha ya nyumba nzima, ya gharama ndogo. Ni nzuri, lakini watoto wamo katikati ya kochi, na rimoti wanayo wao.

Kwetu Tanzania kulikuwa na wakati ambapo mtoko wa wanandoa ulikuwa na mratibu. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na kupitia majina kadhaa imekuja kuwa Msondo Ngoma. Mlimani Park, iliyoanza 1978, ikaja kumilikiwa na shirika la maendeleo la jiji, DDC, na mashabiki wakaiita Sikinde. Fikiria jambo hilo vizuri: chama kinachomdaia mfanyakazi mshahara ndicho pia kinachomletea saksafoni wikiendi. Dansi lilifanya kitu ambacho baraza na lelemama havikufanya, liliwaweka mume na mke kwenye sakafu moja, wakitazamana, mbele za watu, bila mtu kuona ajabu. Majirani wa ng'ambo, Wakongo, walituzidi kwa hilo na bado wanatuzidi. Rumba yao iliingizwa mwaka 2021 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa tamaduni, kwa ombi la Kongo mbili kwa pamoja, na ukiingia ukumbini Lubumbashi utawaona watu wa makamo wanacheza na wake zao kana kwamba hawana watoto wanaodaiwa ada.

Leo je? Wanandoa wa Dar es Salaam wanatoka sana, kwenye sherehe za wengine. Jumamosi inaanza kwa kikao cha harusi ya mtoto wa jirani na kuishia kwenye ukumbi wa send-off ya binti wa mfanyakazi mwenzao. Wamevaa sare, wamependeza, wamekaa meza moja, na spika hairuhusu neno hata moja kupita. Wamechangia fedha ambayo ingewatosha wao wawili kwenda Bagamoyo. Jumapili wanakwenda kwenye baa ya kifamilia yenye bembea na jumba la kuruka la kujazwa upepo. Naitetea baa hiyo mbele ya wanaoikejeli. Ni uvumbuzi wetu, na ni jibu la kweli kwa swali la Capitol Hill, kwa kuwa mtoto anaruka umbali wa hatua ishirini huku baba na mama wakigawana kuku. Tatizo ni zile hatua ishirini. Kila baada ya dakika tano mtu analia, kaanguka, kavuliwa kiatu, anataka soda, na mazungumzo yanarudi yaleyale ya nani amwangalie.

Kisha yupo dada wa kazi. Hapa mtu mwaminifu inabidi ajikune kichwa. Mtoko mwingi wa tabaka la kati la Dar, Nairobi na Mombasa unasimama juu ya mgongo wa msichana kutoka Singida, Iringa au Kitui, ambaye saa moja usiku kazi yake ilipaswa kuwa imekwisha. Wengine wao wameacha mtoto wao kijijini kwa bibi. Na wapo kaka na dada zetu waliokwenda Muscat au Riyadh kulea watoto wa watu na kuendesha magari ya watu, ambao ndoa zao wenyewe zinahesabiwa kwa kipimo cha baharia, pengine kwa miaka miwili ya mkataba. Wanazuoni wa Babeli wangeuliza kama mke au mume aliyebaki aliridhia. Sisi tunauliza kama pesa imefika. Simlaumu anayemlipa dada saa za ziada, anayemwomba kwanza, na anayekubali akikataliwa. Namlaumu anayedhani nyumba yake imepata suluhisho la bure.

Nikizipima mila hizi pamoja, naona kila moja imemkabidhi mtu wake mzigo. Mwana Kupona alimpa mke. Mishna ilimpa mume, na kumwandikia namba. Mtume aliubeba mwenyewe, akatumia mamlaka yake kuwasogeza wengine. Washington waliuweka kwa majirani wenye kuponi, Tanzania ya ujamaa kwa chama cha wafanyakazi, Sweden kwa hazina ya serikali. Kilicho kibovu kuliko vyote ni mpango tulionao mijini sasa, ambao haumkabidhi mtu yeyote. Tumechukua kutoka sinema na mimbari wazo kwamba mume na mke ni marafiki wakuu, jambo ambalo babu zetu hawakulidai, na papo hapo tumeondoka kwenye nyumba zilizojaa watu waliokuwa wanabeba watoto. Tumeongeza mahitaji na kupunguza wasaidizi, kisha mtu akinuniwa chumbani anaambiwa mapenzi yamepungua.

Kwa hiyo mimi ni mtu wa namba. Anayesema raha ikipangwa inakosa utamu aniambie ni harusi gani, sikukuu gani au mechi gani ya Simba na Yanga aliyowahi kuifurahia ambayo haikupangwa tarehe. Ijumaa mbili za mwezi ziandikwe kwenye kalenda ya ukutani pamoja na tarehe za chanjo. Na nikikumbuka wale waliotambaa kwenye magodoro, naona si lazima ziwe Ijumaa za hoteli. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na hakuna kanuni inayosema lichezewe barazani au lichezwe na wanaume tu. Mume anayemfundisha mkewe bao na kushindwa naye mwezi wa pili amepata kitu ambacho mtoko wa gharama hauleti. Kinyume chake pia, yapo mambo ya mke ambayo mume hajawahi kuyajaribu, na nyumba nyingi zingechangamka kama baba angethubutu kujifunza kucheza chakacha mlango ukiwa umefungwa.

Namba peke yake, tumekwisha iona, haitoshi bila kuponi. Akina mama wa mtaa wenu wana upatu wa fedha. Hakuna kinachowazuia kuwa na wa Jumamosi. Nyumba nne, watoto wote wanalala nyumba moja, na zamu inazunguka. Watakula wali mmoja, watachelewa kulala, watavunja kikombe, na asubuhi watarudishwa.

Wewe ambaye wanao wamekua, au bado hujazaa, au ni shangazi, mjomba, babu au bibi mwenye nguvu zake: mpigie simu leo ndugu yako mwenye watoto wadogo, umwambie kwamba Jumamosi hii unakuja kuwachukua. Usisubiri akuombe. Ataona haya, na hataomba.